Shajara ya gia: Hilux, sado ya maji na mbalamwezi moja

Kabla ya kuanza

Mi nauza dagaa wakavu na mawese, mzigo nachukua Kibirizi hapa Kigoma napeleka Mwandiga, mara mojamoja Kasulu. Mwenyewe naendesha IST, oto, unaweka D unaenda zako, mwaka wa nne sasa. Mzigo alikuwa anabeba dereva na Hilux kuukuu tuliyonunua na shemeji. Mwezi uliopita dereva kaaga anaenda msibani kwao ndo ikawa mazima, simu hapokei na advansi kaenda nayo. Nikahangaika na madeiwaka, madereva wa kutwa, wiki mbili, hela yote ya faida inaishia kwao, nikasema basi kwani manyua, gari ya gia za mkono, si nilifundishwa nilipokuwa natafuta leseni, naendesha mwenyewe.

Nikatoka nayo siku hiyohiyo, kushoto kwangu kakaa mama mmoja mteja wangu wa mawese, ndoo ya lita kumi kaiweka miguuni na mfuniko wake haukazi. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili tu gari ikaruka kama chura, ndoo ikamwagika kwenye kanga ya yule mama, kanga mpya ya doti aliyovaa kwenda kwenye shughuli. Mnayajua mawese, doa lake halitoki. Nililipa kanga, nikalipa mawese, na yule mama akashuka akapanda bodaboda bila kuniaga.

Ndo mradi ulipoanzia hapo. Nataka nibadilishe gia mtu aliyekaa pembeni asijue kama nimebadilisha.

Muda nilionao ni mbalamwezi moja. Kwa wasio wa huku, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, sasa mwezi ukiwa mkali taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, Kibirizi panapoa kabisa. Kama siku kumi hivi nakuwa sina mzigo wa maana. Mwalimu ni bamdogo, kaendesha malori maisha yake yote sasa kastaafu anafuga kuku, na hana subira na kuku sembuse na mimi.

Siku ya 1

Asubuhi uwanja wa mpira upande wa Ujiji, shule zimefungwa hamna watu. Nimefika na kandambili, bamdogo kanitazama miguu akasema vua. Kandambili inajikunja chini ya pedeli, na klachi ya Hilux si ya kubembeleza, inataka mguu ushuke mpaka chini kabisa. Nikaendesha peku, kesho yake nikaja na raba.

Saa nzima ya kwanza hatukuwasha injini. Klachi chini, ya kwanza kushoto juu, ya pili moja kwa moja chini, rudi katikati acha mkono wa gia ujipange wenyewe, ya tatu juu, ya nne chini, ya tano kulia juu, riversi chini yake. Hilo neno ujipange wenyewe ndo sikulijua. Mi nilikuwa naukaba mkono wa gia kama nashika panga, nikitoka ya pili naulazimisha mpaka naingia ya tano badala ya ya tatu. Bamdogo kasema shika kwa kiganja kilicholegea, ukiuacha kwenye fri, yaani bila gia yoyote, unarudi wenyewe katikati, kwenye mstari wa tatu na nne, we usukume tu juu.

Halafu tukawasha, zoezi likawa balansi bila kugusa pedeli ya mafuta. Injini hii ni 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, kizee ila ina nguvu chini, kwenye tambarare inaondoka kwa klachi peke yake ukiiachia taratibu. Unaachia mpaka mlio unakuwa mzito kidogo, boneti kama inanyanyuka na mkono wa gia unatetemeka, hapo ndo balansi, unasimamisha mguu hapohapo, gari ikishaanza kutembea unamalizia kuachia. Mi nilikuwa nikifika hapo nafurahi naachia yote.

"Mama, hiyo klachi si mlango wa choo, usiuache ujifunge wenyewe."

Imezima mara 11. Nilihesabu kwa vijiti vya kiberiti kwenye dashbodi.

Siku ya 2

Imezima mara 3. Ila gari ikishaondoka kubadilisha bado ni mateso, kila gia shingo inaenda mbele inarudi nyuma. Nikamuuliza bamdogo tutajuaje kama naendelea vizuri maana yeye anachosema ni "mh" tu. Akaingia ndani akatoka na sado ya shangazi, ile ya kupimia mchele, akajaza maji mpaka ukingoni na kuiweka chini pale anapoweka miguu abiria. Akavua viatu vyake akavipakata.

Utaratibu tuliokubaliana: sado ni lita nne, yaani vikombe 16 vya robo lita. Tunatoka Mwanga sokoni mpaka Ujiji pale makumbusho ya Livingstone, tunageuza, tunarudi. Tukifika tunapima kwa kikombe yamebaki mangapi. Yeye akiendesha vinabaki 15 na kidogo, kwa hiyo barabara peke yake inamwaga chini ya kikombe kimoja, mengine yote ni mimi.

Mara ya kwanza: vikombe 9.

Shangazi kaulizia sado yake jioni.

Siku ya 3

Leo darasa limekuwa kwanini gari inashtua, na nashukuru maana mi kitu nisichokielewa sikiwezi. Gari ikiwa kwenye 30, tuseme kwenye gia ya pili injini inapiga mizunguko 2,800 kwa dakika. Mwendo uleule kwenye gia ya tatu injini inatakiwa ipige kama 1,800 tu. Kwa hiyo ukikanyaga klachi ukatia ya tatu, injini lazima ishuke kwanza ndo uachie. Ukiachia kabla haijashuka, injini inalisukuma gari kwa nguvu. Ukichelewa ikashuka mpaka chini kabisa, gari ndo linaivuta injini na linajishika kama limepigwa breki. Katikati ya hizo mbili kuna kanafasi kadogo ambako vinalingana na hapo ukiachia husikii kitu.

Hilux yetu haina geji ya resi, ile ya mizunguko ya injini, ina spidimita tu na mshale wake unacheza, kwa hiyo ni masikio. Nimeambiwa nibadilishe kwa kusikiliza, ila kwa kuanzia nimepewa namba: 20 ya pili, 35 ya tatu, 50 ya nne, ya tano mpaka 65 huko. Mjini ya tano hata sijaigusa.

Na maji yanasema kosa ni lipi! Hii ndo imenifurahisha kuliko vyote. Maji yakimwagikia nyuma kwenye miguu ya bamdogo ujue gari limeruka mbele, nimeachia klachi injini bado iko juu. Yakienda mbele chini ya dashbodi ujue gari limejishika. Kwa hiyo bamdogo hasemi tena mh, anasema "miguu" au "mbele" basi.

Kuna mara gia ya tatu ililia krrr mpaka wauza ndizi wakageuka. Nilikuwa sijamaliza kukanyaga klachi. Ndani ya giaboksi kuna vile viringi vya shaba vya sinkro, kazi yake kusawazisha mzunguko kabla meno hayajashikana, ukiusukuma mkono kwa pupa viringi havipati muda na ndivyo vinavyoisha. Cadillac ndo walianza kuuza magari yenye sinkro 1928, kabla ya hapo dereva alisawazisha mwenyewe kwa mguu na sikio. Riversi kwenye gari nyingi haina sinkro mpaka leo, ndo maana usipoisimamisha gari kabisa inakwaruza.

Vikombe 10. Miguu ya bamdogo imelowa sana.

Siku ya 4

Hamna. Paja la kushoto limekaza siwezi hata kuchuchumaa.

Siku ya 5

Leo ndo leo. Naandika ndefu kidogo.

Nimerudia Mwanga–Ujiji mara tatu, vikombe 10, 11, 10. Nimekwama. Klachi naachia taratibu mpaka nyuma yangu wananipigia honi, bado maji yanaruka. Nikaanza kusema klachi pleti imeisha, gari bovu, tubadilishe presha pleti, bamdogo kanyamaza. Safari ya nne kainama kabisa anaangalia sado uso karibu na maji, nikapanga ya pili kwenda ya tatu akasema "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Kama mara sita. Mwisho akaniambia nisimame pembeni.

"Maji yanakwenda mbele kabla hujagusa klachi."

Sikuelewa. Akasema mguu wako wa kulia ndo mshenzi. Mi nikitaka kubadilisha naondoa mguu kwenye mafuta ghafla, pwa, halafu ndo nakumbuka klachi. Ile nusu sekunde kati ya hivyo viwili gari bado liko kwenye gia ila halina mafuta, injini inalivuta, pua inainama, maji yanakwenda mbele. Nikikanyaga klachi gari linaachiwa, pua inanyanyuka, maji yanarudi nyuma, na kabla hayajatulia mi naachia klachi yanapigwa tena. Yaani siku zote hizo naubembeleza mguu wa kushoto na ugomvi wote unaanzia kulia.

Na kwenye gia ndogo inaonekana zaidi, kutoka ya kwanza kwenda ya pili ndo mbaya kuliko zote maana injini ina nguvu nyingi juu ya matairi, ukikata mafuta ghafla inajishika kweli. Ndo ile iliyomwaga mawese.

Dawa yake kaniambia ni kama mizani ya dukani, sahani moja ikipanda nyingine inashuka, wakati mmoja. Mafuta yanapungua klachi inashuka, hamna wa kutangulia. Halafu kurudi, klachi inapanda mpaka balansi, mafuta yanaanza kuingia kidogokidogo, klachi inamalizika. Mguu wa kushoto kushuka ni haraka, hauna haja ya upole wowote, upole ni wakati wa kupanda na hata huko ni pale kwenye balansi tu, sehemu nyingine achia. Mi nilikuwa na upole kila mahali isipokuwa panapotakiwa.

Tukaenda tena. Vikombe 13!! Bamdogo kavaa viatu wakati wa kurudi.

Siku ya 6

Niliringa mapema. Leo kanipeleka mlimani, ile kutoka stesheni kupanda kwenda Mwanga. Reli ya Mjerumani ilifika hapa 1914 kutoka Dar huko yote, na mi ndo nashindwa kutoka stesheni kufika Mwanga.

Kusimama katikati ya mlima na kuondoka. Handbreki ya hii Hilux ni ile ya mti wa mwavuli, iko chini ya dashbodi, unaivuta kuja kwako na kuiachia lazima uizungushe kwanza. Kwa hiyo una miguu miwili, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unazungusha mwavuli, nyuma yako kuna bodaboda kabeba magodoro kajibana na bampa. Gari ikarudi nyuma kama futi mbili, nikasikia magodoro yanasema mambo ambayo siyaandiki.

Kosa langu lilikuwa kuiachia handbreki kabla ya balansi. Inatakiwa handbreki imeshika, ya kwanza, mafuta kidogo, klachi inapanda mpaka mlio unazama na gari linakuwa kama linajinyanyua matakoni, hapo unaona linataka kuondoka ila limeshikwa, ndo unaachia mwavuli. Gari linaondoka lenyewe halirudi hata inchi. Nimepata mara nne kati ya saba.

Pia nimenusa klachi inavyoungua. Nilikuwa nimesimama mlimani naishikilia gari kwa klachi na mafuta, haipandi haishuki, najiona fundi. Bamdogo kanusa mara moja akapiga kelele. Pale pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, muda wote bila kushikana, unaipiga pasi. Kusimama ni kwa breki. Na kitu kingine kanikataza, kupumzisha mguu juu ya klachi wakati naendesha, hata ukigusa tu unaisukuma ile bearing ya rilizi, inayoachisha klachi, bila sababu, ndo vitu vinavyokula hela gereji halafu tunasema speaa za siku hizi feki.

Vikombe 7. Sisemi kitu.

Siku ya 7 na ya 8

Kupangua. Kupanga nimeshaweza, kupangua ni lugha nyingine, maana unapotoka ya tatu kurudi ya pili injini inatakiwa ipande sio ishuke. Ukikanyaga klachi ukatia ya pili ukaachia hivihivi, injini iko chini, gari lazima liivute, linagonga kichwa mbele. Kwa hiyo klachi ikiwa chini unapiga mafuta kidogo tu, vuu, mlio ukipanda ndo unaachia.

Bamdogo yeye anafanya klachi mara mbili, ya malori ya zamani yasiyo na sinkro: klachi, fri, achia klachi, piga resi, klachi tena, tia gia. Anafanya haraka mpaka huoni, miguu yake inatembea kama ya mpiga ngoma. Kasema kwa Hilux haihitajiki, ila anapenda. Mi nimejaribu nikachanganya mpaka nikakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, na ndo nilivyomwaga sado nzima kwa mpigo mmoja. Hiyo hatukuihesabu.

Shida yangu ilikuwa vuu kubwa mno, napiga kama nawasha jenereta. Kwenye ya tatu kwenda ya pili kinatakiwa kimguso tu, na ukishaupata mlio wake unaukumbuka kama sauti ya mtu.

Tumeshuka mlima pia. Madeiwaka wote niliowahi kupanda nao wakifika mteremko wanaweka fri eti wanaokoa dizeli. Bamdogo kawatukana. Pampu ya dizeli yenyewe ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia inakata, hainyweshi mpaka injini ikikaribia kushuka chini kabisa, wakati kwenye fri injini inakunywa ya kujiweka hai. Yaani unatumia dizeli zaidi na gari lote linaning'inia kwenye breki, breki zikipata moto mwishoni mwa mteremko ndo unajua. Gia unayoweza kupandia mlima, shukia hiyohiyo au ndogo yake, na uitie kabla hujaanza kushuka.

Vikombe 11, halafu 12, njia ya mlimani. Bado ya tatu kwenda ya pili inasema "mbele".

Siku ya 9

Tumepakia mchanga kidogo tujifunze na mzigo. Nilitegemea iwe mbaya zaidi, kumbe gari likiwa zito vishindo vidogo havifiki kwenye maji, linameza. Ila kuondoka linataka mafuta zaidi na kukaa kwenye balansi kidogo zaidi, na mlimani ukichelewa kupangua limeshakufa mikononi. Nimefika Mwandiga na kurudi. Ilizima mara moja, kwenye makutano ya Manyovu na Kasulu, mbele ya watu wote duniani.

Vikombe 14.

Siku ya 11

Mwezi umechelewa kutoka, giza limerudi, Kibirizi imejaa watu tangu alfajiri. Nimepakia magunia sita ya dagaa. Bamdogo kasema ana chanjo ya kuku leo, haji. Nikamwambia bamdogo kuku si walichanjwa Jumanne, akasema wengine.

Nikampigia yule mama wa mawese. Nilimuomba msamaha mara ya tatu, nikamwambia lifti ya Mwandiga bure. Kaja. Kavaa kanga ya shambani, ile iliyopauka, na ndoo mfuniko kaufunga na mpira wa tairi halafu juu yake nailoni. Nikamwambia mama iweke chini. "Mie napakata mwenyewe mwanangu, usijali."

Sikuongea njia nzima. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namuona kwa pembe ya jicho ameikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili kama mtoto mwenye homa. Mlima wa kwanza nikapangua ya nne kwenda ya tatu, haikusema kitu. Tulipopita Gungu akalegeza mkono mmoja, akachokonoa meno. Mbele kidogo simu yake ikalia ndani ya pochi, akahangaika nayo, mwisho akaishusha ndoo chini katikati ya miguu, akapokea, akaanza kumsimulia dada yake habari za mahari ya mtu fulani, mpaka Mwandiga.

Alipofika akafungua ule mpira, akachungulia, akafunga.

"Kesho unapita saa ngapi?"

Yanayobaki: ya tatu kwenda ya pili kwenye kona, bado naipiga resi nyingi. Riversi mlimani sijajaribu. Handbreki inataka kukazwa, fundi kasema Jumamosi. Sado nimemrudishia shangazi, ina mpasuko pembeni, itabidi ninunue nyingine.